Mshahara, namba au mataji? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maamuzi ya mwanamichezo wa kulipwa

Dirisha la usajili likifunguliwa, maswali huwa ni yale yale, vijiweni na sebuleni kwa wazazi wa wachezaji. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wachezaji wa ukanda wetu, familia zao, na shabiki anayetaka kuelewa kwa nini straika wake kipenzi amepanda ndege. Mifano ni ya watu ambao habari zao ziko hadharani. Mkataba wako wewe mpelekee mwanasheria.

Mchezaji akisema anaondoka "kutafuta changamoto mpya", si anafuata hela tu?

Mara nyingi ndiyo, na sioni ubaya wake. Mchezaji akianza kulipwa vizuri akiwa na miaka 21, na goti likamhurumia, atafika 33 au 34. Mhasibu au mwalimu ana karibu miaka arobaini ya kukusanya anachokusanya mchezaji kwa kumi na miwili. Tunamwita mchezaji tamaa kwa jambo ambalo sisi wenyewe tungelifanya Jumatatu asubuhi kama ofisi ya jirani ingetuongezea mshahara mara mbili.

Kinachotofautisha wachezaji ni hela ya lini wanayoitaka. Mmoja anaitaka ya mwezi huu, mwingine anaitaka ya mkataba unaofuata. Wengi wanaosifiwa kwamba "hawakuangalia hela" walikuwa wanaiangalia sana, ila walitazama mbali kidogo.

Zile namba zinazotajwa redioni zinamaanisha nini?

Kidogo sana, mpaka ujue zinahesabu kitu gani. Katika ligi zetu sehemu kubwa ya hela ya mchezaji inaweza kuwa dau la usajili, ile anayopewa akisaini, halafu mshahara wa mwezi ukawa wa kawaida. Juu yake kuna bonasi za ushindi, posho, nyumba, gari, tiketi za ndege za familia. Mtangazaji akivichanganya vyote, akavigawa kwa miezi, anapata namba ya kushangaza. Mchezaji mwenyewe anabaki anapokea dau kwa mafungu, na fungu la pili halijulikani litaingia lini.

Uliza mambo matatu kabla hujashangilia. Kwanza, namba hiyo ni kabla ya kodi au baada ya kodi? Kenya kiwango cha juu cha kodi ya mshahara ni asilimia 35, Tanzania ni 30, Uingereza ni 45 kwa kipato kinachozidi pauni 125,140 kwa mwaka, na Qatar au Falme za Kiarabu mshahara haukatwi kodi ya mapato kabisa. Dola 30,000 za Doha na dola 30,000 za London si hela moja. Pili, mkataba umeandikwa kwa sarafu gani? Machi 2024 Misri iliiachia pauni yake ielee, na dola moja ikapanda kutoka takriban pauni 31 hadi karibu 50. Aliyekuwa na mkataba wa pauni alilala na mshahara mmoja akaamka na mwingine. Tatu, bonasi zinategemea nini? Bonasi ya mabao kwa mchezaji ambaye kocha hana mpango naye ni mapambo ya karatasi.

Nina miaka 20. Klabu kubwa inanipa hela nyingi, ndogo inanipa namba, yaani nafasi ya kudumu uwanjani. Niende wapi?

Nenda kwenye namba. Hapa sitazunguka. Kwa kijana, dakika za uwanjani ndizo zinazotengeneza mshahara wa kesho, na mwaka mmoja wa kusugua benchi unafuta jina haraka kuliko jeraha.

Tazama njia ya Mbwana Samatta, straika wa Tanzania. Mwaka 2011 alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, hakukimbilia Ulaya. Wapo walioona kama amesogea hatua fupi. Lakini Mazembe ilikuwa na uwezo wa kulipa, ilicheza Ligi ya Mabingwa Afrika kila mwaka, na ilimpa nafasi ya kucheza. Mwaka 2015 alichukua ubingwa wa Afrika, Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, na mwezi huo huo akasaini Genk ya Ubelgiji. Kule tena alikaa miaka minne, akatwaa ubingwa wa ligi msimu wa 2018/19, akafunga bao dhidi ya Liverpool pale Anfield, ndipo Aston Villa wakaja Januari 2020. Kila ngazi alikanyaga kwa miguu yote miwili kabla ya kuinua mmoja.

Sasa tazama upande wa pili. Februari 2021 Luis Miquissone aliifungia Simba bao pekee dhidi ya Al Ahly ya Misri pale uwanja wa Benjamin Mkapa, bao ambalo wapenzi wa Simba wanalisimulia mpaka leo. Miezi michache baadaye Al Ahly wenyewe wakamsajili. Klabu kubwa kuliko zote Afrika, mshahara usiolinganishwa. Hakupata namba ya kudumu, akapelekwa kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia, na mwaka 2023 akarudi Simba. Clatous Chama naye mwaka huo huo wa 2021 aliuzwa RS Berkane ya Morocco, na Januari 2022 alikuwa amesharudi Msimbazi, yaani Simba.

Sisemi walikosea. Winga aliyekataa kwenda Al Ahly angeulizwa swali hilo mpaka uzeeni, na hela waliyolipwa walilipwa. Ila wote wawili walipoondoka walikuwa watu wazima kisoka, wenye jina la kurudi nalo. Kijana wa miaka 20 akirudi baada ya msimu mmoja bila kucheza, anarudi kama mtu wa majaribio.

Kabla hujasaini, muulize kocha, siyo rais wa klabu: nani anacheza nafasi yangu sasa, na mkataba wake unaisha lini?

Na huyo Samatta, kwenda Villa hakujutii?

Hilo muulize mwenyewe. Alikaa nusu msimu, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza, akafunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, kisha Septemba 2020 akaenda Fenerbahçe. Kwa vipimo vya namba ilikuwa safari fupi. Lakini si kila lengo linapimwa kwa dakika, na kuna mtoto Mbagala aliyeona jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa hadithi.

Fiston Mayele mbona aliondoka Yanga ikiwa juu?

Kwa sababu mchezaji huuzwa akiwa juu. Yeye alitoka msimu wa 2022/23 akiwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga ikiwa imefika fainali na kulikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini mbele ya USM Alger ya Algeria. Pyramids ya Misri ilikuwa na hela, na kabla hujasema alifuata hela peke yake, kumbuka alicheza, alifunga, na mwaka 2025 akafunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns na kulibeba kombe. Mshahara, namba na taji vilikaa meza moja. Ni nadra, lakini hutokea pale mchezaji anapochagua klabu tajiri ambayo bado ina njaa ya mataji na pengo kwenye nafasi yake.

Kwenda Uarabuni mapema ni kujimaliza?

Inategemea ulishajijenga wapi. Michael Olunga alipita Gor Mahia, Djurgården ya Sweden, China, Girona ya Hispania alikopiga mabao matatu katika mechi moja, kisha Kashiwa Reysol ya Japani. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 kwenye ligi ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Wakenya wengi walingoja waone ataenda klabu gani ya Ulaya. Alikwenda Al-Duhail ya Qatar mwanzoni mwa 2021, akiwa na miaka 26.

Mitandaoni alisemwa sana. Mimi naona alifanya hesabu nzuri. Umri wa 26 au 27 ndio kilele cha bei ya straika. Ulaya angeanza upya kwenye klabu ya kati, mshahara ukikatwa kodi karibu nusu, na kocha akimtazama kama mtu wa kujaribiwa. Qatar alipewa unahodha wa mashambulizi, akawa mfungaji bora wa ligi, na akaendelea kuichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, bila bughudha.

Kwa wanawake njia hizo mbili zinaonekana wazi zaidi, kwa kuwa zinaanzia karibu pale pale. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, kisha Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Clara Luvanga naye mwaka 2023 alipita Hispania kidogo, akatua Al-Nassr ya Saudi Arabia. Mmoja alichagua kujenga jina kwenye ligi za Ulaya, mwingine alichagua ligi changa yenye hela. Anayedhani anajua tayari nani kachagua vizuri anakurupuka, wote bado wana miaka ya kucheza.

Nasikia Marekani wachezaji wanakubali kupunguza mshahara ili timu ishinde. Mbona huku hawafanyi?

Kwa sababu huku hela iliyopunguzwa haiendi kwa mwenzako.

Ligi ya kikapu ya NBA ina kikomo cha mishahara: kila timu ina kiasi ambacho ikikivuka inabanwa kwa kodi na vikwazo vya usajili. Kwa hiyo nyota akichukua pungufu, nafasi inayobaki inaweza kumleta mchezaji mwingine. Julai 2024 Jalen Brunson wa New York Knicks alisaini nyongeza ya miaka minne kwa dola milioni 156.5. Angesubiri mwaka mmoja tu, angeweza kupata miaka mitano kwa takriban dola milioni 269. Miezi michache baadaye Knicks wakamleta Karl-Anthony Towns, na mwaka 2025 wakafika fainali ya Kanda ya Mashariki kwa mara ya kwanza tangu 2000. Kabla yake, Dirk Nowitzki wa Dallas mwaka 2014 alisaini miaka mitatu kwa dola milioni 25 wakati timu nyingine zilikuwa tayari kumpa zaidi ya mara mbili kwa mwaka.

Lakini zingatia, hawa hawakuwa na njaa. Nowitzki alikuwa ameshalipwa mamilioni kwa zaidi ya miaka kumi na pete ya ubingwa wa 2011 anayo. Kupunguza mshahara kwa hiari ni anasa ya aliyekwisha shiba.

Mlinganishe na Bismack Biyombo, mwana wa Lubumbashi. Mwaka 2016 akiwa Toronto alikuwa analipwa takriban dola milioni 3 kwa mwaka. Akacheza mechi za mtoano kama aliyepagawa, mechi moja dhidi ya Cleveland akadaka mipira 26 ya kurudi. Toronto walikuwa wamebanwa na kikomo, Orlando wakampa dola milioni 72 kwa miaka minne. Alikwenda, na hakurudi tena kwenye hatua ile ya mashindano akiwa kwenye jukumu lile. Je, alikosea? Mwaka 2022, baada ya kufiwa na baba yake, alitoa mshahara wake wote wa msimu na Phoenix, dola milioni 1.3, kujenga hospitali Congo kwa kumbukumbu ya mzee. Mtu hutoa mshahara wa mwaka mzima akiwa na akiba nyuma yake, na akiba yake ilianzia Orlando.

Rudi sasa kwenye Ligi Kuu Bara au ligi ya Kenya. Hakuna kikomo kama hicho. Mchezaji akikubali pungufu "kwa ajili ya klabu", tofauti inabaki kwa tajiri. Kiongozi akikuomba upunguze, mwombe aandike kwenye mkataba hela hiyo itamsajili nani.

Nina mkataba lakini nalipwa kidogo kuliko wageni. Naweza kuuvunja?

Swali hili lina jina Tanzania: Fei Toto. Desemba 2022 Feisal Salum aliamua kuondoka Yanga akiwa bado na mkataba. Aliingiza kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112, kwa hesabu kwamba milioni 100 ni ya kuvunja mkataba na milioni 12 ni mishahara ya miezi mitatu. Yanga wakairudisha. Kamati ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Yakafuata miezi ya mashauri na maneno, mpaka Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Yanga Ikulu, akaomba suala limalizwe. Likamalizwa, akauzwa Azam.

Wengi wanakumbuka ubishi wa hela. Mimi nakumbuka tarehe. Katika miezi hiyo Yanga ilikwenda fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mmoja wa viungo bora nchini aliitazama kwenye televisheni. Madai yake ya kulipwa sawa na thamani yake yalikuwa ya haki kabisa. Njia ndiyo iliyomgharimu nusu msimu wa umri wa miaka 24 hadi 25, na hakuna anayeweza kumrudishia.

Kanuni za FIFA zinaeleza mambo machache ambayo kila mchezaji angepaswa kuyajua kama jina lake. Mkataba hauzidi miaka mitano. Kwa aliye chini ya miaka 18, mitatu. Ukibakiza miezi sita unaruhusiwa kuzungumza na kusaini awali na klabu nyingine. Ukivunja bila sababu ya haki ndani ya kipindi cha ulinzi, ambacho ni miaka mitatu ya mwanzo ukiwa ulisaini kabla ya kufikisha 28 na miwili ukiwa umefikisha, unaweza kufungiwa miezi minne juu ya fidia. Mahakama ya Ulaya iliyatikisa baadhi ya mambo hayo Oktoba 2024 katika kesi ya Lassana Diarra na FIFA ikarekebisha namna ya kuhesabu fidia, lakini usitegemee kesi ya Mfaransa ikutetee mbele ya kamati ya TFF pale Karume.

Dawa ni kuwahi. Unaposaini ukiwa mdogo, omba mkataba mfupi, au kipengele kinachotaja kwa tarakimu bei ya kukuachia. Omba pia mshahara upande ukifikisha idadi fulani ya mechi. Viongozi hukubali vipengele hivi kirahisi kwa kijana, kwa kuwa wanadhani hatavifikia.

Klabu hainilipi kabisa. Nisubiri?

Usisubiri kimya. Kwa kanuni za FIFA, klabu ikishindwa kukulipa angalau mishahara ya miezi miwili, unaipa notisi ya maandishi ya siku 15; isipolipa yote, una sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Hifadhi nakala ya kila kitu, hata ujumbe wa simu. Simon Msuva aliondoka Wydad ya Morocco kwa mgogoro wa malipo, akaenda FIFA, akashinda. Wasiliana na chama cha wachezaji, Sputanza kwa Tanzania au Kefwa kwa Kenya, kabla hujazungumza na mwandishi wa habari.

Kwa wanariadha je? Medali au hela?

Huku ndiko mgongano ulipo mkali, kwani mkimbiaji wa marathoni hukimbia mbio mbili kubwa kwa mwaka, tatu akijitutumua. Akiichagua moja ameikataa nyingine.

Chukua mwaka wa Alphonce Simbu. Aprili 2025 alishika nafasi ya pili marathoni ya Boston, zawadi yake dola 75,000. Septemba mwaka huo, Tokyo, akawa bingwa wa dunia, Mtanzania wa kwanza kabisa, akimpiku Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe kwa muda ule ule wa 2:09:48. Zawadi ya dhahabu ile ni dola 70,000. Soma tena: nafasi ya pili Boston inalipa zaidi ya dhahabu ya dunia. Mshindi wa Boston huchukua 150,000. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 shirikisho la riadha la dunia lililipa dhahabu dola 50,000, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulipa chochote.

Kwa nini basi waendelee kugombea bendera? Kwa sababu taji la dunia linapandisha kile kinachoitwa hela ya kujitokeza, ambayo waandaaji wa mbio hulipa mkimbiaji maarufu kabla hajapiga hatua moja, na ambayo haitangazwi. Linapandisha pia mkataba wa viatu. Na kuna heshima. Simbu ni askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, na pale uwanjani Tokyo alikuwa anakimbilia vitu ambavyo havina bei Boston.

Hellen Obiri aliyapanga kwa ustadi. Alishinda Boston 2023 na 2024, na kati yake New York 2023, halafu miezi minne tu baada ya Boston ya pili akachukua shaba ya Olimpiki Paris. Kabla ya hapo alikuwa amehamisha familia kwenda Colorado ili awe karibu na kocha. Uamuzi wa kuhama nyumbani kwa ajili ya kocha hauonekani kwenye jedwali lolote la zawadi, na nadhani ndio uliomlipa kuliko yote.

Kubadili uraia kwa ajili ya hela?

Soma habari ya Stephen Cherono. Mwaka 2003 alihamia Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen. Vyombo vya habari viliripoti ahadi ya dola 1,000 kila mwezi maisha yake yote. Siku chache baadaye Paris akawa bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akimwacha Ezekiel Kemboi wa Kenya wa pili. Lakini Kenya ilikataa kumruhusu kukimbia Olimpiki ya Athens 2004 kabla muda wa kungoja haujaisha. Wakenya wakachukua dhahabu, fedha na shaba bila yeye, na Kemboi akavishwa dhahabu. Septemba mwaka huo huo, Brussels, Shaheen akavunja rekodi ya dunia kwa 7:53.63, rekodi iliyodumu hadi 2023. Hakuwahi kupata medali ya Olimpiki.

Siku hizi ni vigumu zaidi: tangu 2018 kanuni zinadai kungoja angalau miaka mitatu, na aliye chini ya miaka 20 haruhusiwi. Miaka mitatu ni mingi kwa miguu. Hata hivyo simhukumu anayekwenda. Kenya kuna wakimbiaji wa kiwango cha medali wasiopata nafasi katika timu ya taifa kwa kuwa nafasi ni tatu na wanaozistahili ni ishirini.

Ajira ya jeshi au polisi inafaa kwa mwanamichezo mwenye kipaji kikubwa?

Inafaa sana, na inadharauliwa. Faith Kipyegon ni askari polisi Kenya. Mshahara wa ajira hiyo ni mdogo ukilinganisha na zawadi za mbio, lakini unaingia mwezi ambao msuli umechanika, na mwisho wake kuna pensheni. Wazazi wanaomsihi kijana aajiriwe kwanza wanaelewa jambo ambalo wakala haelewi.

Nikitaka mtoto, mdhamini ataniacha?

Zamani alikuwa anaweza kukukata bila aibu. Mwaka 2019 Allyson Felix wa Marekani alieleza hadharani kwamba Nike walitaka kumlipa asilimia 70 pungufu baada ya kuwa mama. Aliwaacha, na kabla mwaka haujageuka kampuni ikabadili sera, ikaahidi kutopunguza malipo kwa miezi 18 inayozunguka ujauzito. Sera ya kampuni moja si sheria ya dunia. Hakikisha mkataba wako unataja uzazi waziwazi, kwa miezi na kwa hela. Kipyegon alijifungua 2018, akarudi kutetea dhahabu yake ya mita 1,500 Tokyo mwaka 2021, kwa hiyo atakayekuambia kwamba mwili hautarudi, mwonyeshe matokeo hayo.

Niache chuo?

Mtanzania Hasheem Thabeet aliondoka Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa amebakiza mwaka mmoja, akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA 2009, ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mshahara wa mchezaji mpya wa nafasi hiyo hupangwa na jedwali la ligi, hauna mjadala mkubwa, na kuteleza chini kwenye foleni ni kupoteza mamilioni. Aliingia bei yake ikiwa juu kabisa, na kufikia 2014 NBA ilikuwa imekwisha kwake. Angebaki mwaka mmoja zaidi pengine angekuwa ameiva zaidi. Pengine angeumia na kukosa vyote. Kwa ofa ya namna ile, chukua, chuo hakihami. Kwa ofa ya klabu ya daraja la kwanza isiyolipa mishahara kwa wakati, maliza mitihani.

Timu ya taifa nayo iingie kwenye hesabu?

Iingie. AFCON 2027 imepewa Kenya, Tanzania na Uganda. Mchezaji asiye na namba kwenye klabu yake anaweza kuikosa mashindano yatakayochezwa nyumbani kwao. CHAN, ile iliyochezwa nchi hizo hizo Agosti 2025, ilikuwa ya wanaocheza ligi za ndani pekee, aliyehama aliiaga.

Nina miaka 31. Nichukue hela ya mwisho?

Chukua. Machi 2020 Victor Wanyama, akiwa na miaka 28 na hana tena namba Tottenham, alikwenda Montreal kwa Thierry Henry aliyekuwa kocha pale, akiwa miongoni mwa wachezaji wachache ambao mshahara wao unaruhusiwa kupita kikomo cha ligi ya Marekani na Kanada. Alilipwa vizuri na alicheza kila wiki, miaka mitatu na zaidi. Anayemwambia mchezaji wa miaka 31 apiganie ndoto kwenye benchi la klabu kubwa hamlipii ada za watoto.

Wakala anasema dirisha linafungwa leo saa sita usiku, nisaini sasa hivi.

Muulize analipwa na nani, wewe au klabu inayokununua, na kiasi gani. Kisha omba mkataba mzima kwenye simu, siyo ukurasa wa mwisho, uupeleke kwa mwanasheria, na uutazame sehemu nne: sarafu, tarehe za malipo, bei ya kuondoka, na matibabu ukiumia. Mwanasheria mzoefu huzimaliza hizo kwa saa moja. Kama umeandikwa kwa Kiarabu au Kituruki pekee, dai nakala ya lugha unayoisoma, na kipengele kinachosema ni nakala ipi inayotawala.